Patalo ya Bahati mu Njia ya Kamituga

Nimechoka kurudilia hii maneno ku mulango wa kanisa. Mama Nsimire ananiuliza, kisha Mama Chantal anakuja nyuma yake anauliza ile ile, kisha Jumapili inayofuata nasikia wamesimulia wengine na wameiharibu: eti mujukuu yangu Bahati alienda kuoa uchi. Hakuwa uchi. Njo maana nimekaa chini na bic, na masomo yangu ya darasa la tatu, niandike vile ilikuwa. Musome, kisha muniache nipike.

Kutoka kwetu Nyalukemba, Bukavu

Bahati nilimulea mimi mwenyewe. Baba yake, Lwaboshi, mutoto yangu wa kwanza, alikufa, mama yake akamufuata, na mutoto akabakia mu mikono yangu. Sasa ni mwanaume murefu kama nguzo ya umeme. Kazi yake ni kupima maji ya chemchemi ku milima. Alimupenda Riziki, binti wa Kamituga aliyekuja kusoma uuguzi hapa Bukavu, na mimi pia nilimupenda, ju alikuwa anajua kuosha sahani bila kuambiwa.

Baba ya Riziki ni mwalimu, Papa Wilondja, mutu mukali. Alikuwa amekwisha kurudisha familia mbili: moja ilichelewa, ingine ilikuja imelewa. Sisi alitupa siku ya Jumamosi, tufike mbele ya saa ya kula. Akasema mu telefone: «Mukikosa, nitajua mulikuwa munacheza.» Tena kulikuwa mununuzi mumoja wa zahabu anamuulizia Riziki, na yeye anakaa pale pale Kamituga, hana barabara ya kumusumbua. Mimi niko muzee. Kama hii ndoa ingevunjika, sikujua kama Mungu ataniacha nione ingine.

Musemaji wetu alikuwa Deo, mutoto yangu wa pili, tonton ya Bahati. Tulimuchagua ju anapenda kusema na hakuna namna ya kumuzuia.

Nilikuwa nimetosha mu sanduku kostime ya marehemu bwana yangu, nimeipiga pasi mara mbili. Saa ya kutoka, Bahati akatokea amevaa kitu. Suruali, yaani patalo ya rangi ya majivu, na tireti, zile zipu za kufungua, kila pahali, hata ku magoti. Mimi nikasema ni mifuko. Juu, gile, kikoti bila mikono, yenye mifuko mingi kuliko vitu ambavyo mutu anaweza kuwa navyo. Vesti, koti ya mvua ambayo ikitembea inalia kama karatasi ya biskuti. Viatu vya mulima.

Nikamuuliza: «Unaenda kuoa ao unaenda kutafuta ngombe yenye kupotea?»

«Koko, hii njo nguo ya kisasa. Unapanda nayo mulima, unashuka, unaingia nayo mu mukutano, hakuna mutu anakuangalia vibaya. Jasho haikai. Maji haiingie. Haiombi pasi.»

«Nguo haijui pasi, inaenda kusalimia wakwe?»

«Huku mujini vijana wote wanaivaa, hata ku harusi.»

Deo naye, badala ya kunisaidia, anashika kitambaa na vidole, anasema: «Ni nguo ya bei, mama.» Basi kostime ikabakia ku musumari. Bahati hakubeba patalo ingine hata moja. Alisema ile moja inatosha kwa kazi yote. Muikumbuke ile neno, ju mimi niliikumbuka sana mbele ya safari kuisha.

Burhale, ambako tuligeuka ONG

Tulitoka Alhamisi na jeep ya Shabani, dereva mupole ambaye hajibu kitu mutu anamuuliza. Mpaka Mugogo njia ilikuwa na adabu. Tukafika Burhale, pine ya gurudumu ikapasuka.

Shabani akaingia chini ya gari. Bahati naye akashuka kutafuta rezo, mutandao wa telefone, amuambie Riziki tuko njiani. Akawa anatembea ku kando ya barabara, telefone juu, anasimama, anaangalia vilima, anatembea tena. Na ile gile yake. Na vile viatu.

Mimi nilikuwa nimekaa ju ya jiwe nikila muhindi, na nikaona mama mumoja anaweka jiwe lake chini. Halafu mwingine akaweka jiwe nyuma ya lile. Halafu muzee akaweka kofia. Kumbe wanashika laini, foleni ya musaada! Mu muda wa kumaliza muhindi mumoja, laini ilikuwa imefika ku mulango wa shule, na watoto wamevalishwa nguo ya kupasuka ili waonekane wenye shida.

Yule mwenye kofia akaja mbele. «Jina langu Cishugi. Uandike vizuri. Mwaka jana mulileta maharagi yenye kutoboka, tena mukaandika jina ya kaka yangu aliyekufa, mukaacha mimi muzima.»

Bahati akasema: «Muzee, mimi si mutu wa ONG, sileti musaada. Naenda kuoa.»

«Hata yule wa mwaka jana alisema anapita tu.»

«Muzee, naapa.»

«Na hiyo mifuko yote ni ya kuwekamo nini? Pete?»

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyetoka mu laini. Nikamuambia Deo akae kimya. Deo akapanda ju ya kisiki, akafungua mikono: «Ndugu zangu wapendwa wa Burhale! Tumesikia shida zenu...» Basi imekwisha. Nani mwingine, kama si ONG, anasemaka vile? Wakapiga makofi. Mama mumoja, Nankafu, akaniletea mutoto wake nimupime ku mukono, kama wanavyopima wenye njaa. Mimi! Nikamupima. Alikuwa munene kuliko mimi.

Tulitoka pale ju Shabani aliwasha gari bila kusema kitu, tukaruka ndani kama wezi. Muzee Cishugi alikimbia pembeni ya dirisha akinirudilia jina lake. Nimelishika. Lakini niliandike wapi, baba?

Matope ya Kasika

Tukalala kwa mapadri, na Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imefika mbele yetu. Karibu na Kasika kulikuwa shimo mu barabara lenye kumeza lori nzima; ilikuwa imeingia mpaka ku milango, na nyuma yake gari zingine zinangoja kama watu wa matanga. Vijana wa pale wakatuambia jeep inaweza kupita ku kando, lakini iwe tupu. Wanaume wasukume. Wamama wapite njia ya juu kwa miguu, na mizigo yote ipite nao.

Hapo mimi niko na bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi ya wakwe, mufuko wa maharagi, vikwembe, vitenge vya zawadi vya mama ya binti, na kikapu yangu. Nikatafuta wa kubeba. Wakati nagombana nao, Bahati akapita mbio nyuma yangu: «Koko, nimeweka kitu yangu mu kikapu yako, isichafuke.» Nikasema ndiyo, ndiyo, bila kugeuka. Nikigeuka, namuona na kaputula, anasukuma gari, matope mpaka ku masikio. Nikajisemea: angalau alikuwa na akili ya kubadilisha.

Aliyebeba bidon anaitwa Nabintu, mama mwenye nguvu, mucheko wake unasikilika mulima wa pili. Akainama, akajaribu bidon, akasimama tena.

«Koko, sina ngata. Majani ya hapa imelowa yote. Itateleza.»

Nikaangalia mu kikapu. Juu kabisa kulikuwa vitambaa viwili, vya mviringo kama mikono ya koti isiyo na koti, laini, vizito kidogo. Nikachukua kimoja, nikakikunja, nikakizungusha, ikakuwa ngata nzuri ambayo sijapata kutengeneza ingine kama ile tangu nizaliwe. Nikamuwekea ku kichwa.

«Ee! Hii ngata iko ya nguvu. Hainywi hata maji.»

«Chukua, mwanangu.»

Tukapanda, tukashuka, nikaanguka mara moja na sitasema ku upande gani. Kule ngambo Nabintu akatua mizigo, nikamupa haki yake, akaenda na ngata yake ku kichwa akiimba. Ngata mutu haiombi irudi. Munajua hivyo wote. Hakuna mama wa kwetu angeshika mukono wa Nabintu kumuambia: rudisha kile kitambaa.

Mwenga, kwa Mama Bitondo

Mwenga tulifika tumechoka mpaka Deo alikuwa kimya. Mama Bitondo anauzisha chakula kando ya barabara: bugali ya muhogo, majani yake ya sombe mu mafuta ya mawese, na nyama mu mchuzi mweusi. Deo akauliza: «Maman, ni nyama gani?»

«Ni ya kula.»

«Najua ni ya kula. Ilikuwa inaitwa nani?»

«Ikiwa hai ingekuambia yenyewe.»

Deo akakula, akaomba tena, na mpaka leo hajui. Mama Bitondo akaangalia Bahati, amekaa na kaputula yake ya matope, magoti mawili inje kama mawe ya kupikia.

«Na huyu anaenda kucheza wapi?»

«Anaenda kuoa,» nikasema. «Kamituga.»

Mwiko ukamuponyoka. «Na ile magoti? Papa, sikia. Kwetu mama mukwe haone goti ya mukwe wake. Akiiona, anatoka mu nyumba, na akitoka, hakuna maneno inaendelea.»

«Hata kwetu iko vile,» nikamuambia. «Ni yeye njo hajui.»

«Najua, Koko,» Bahati akasema, anapanguza sahani na tonge ya mwisho. «Patalo iko. Nitaivaa ndefu tukikaribia. Njo uzuri wake.»

Neno «ndefu» halikuniingia akilini. Nilisikia patalo iko, nikalala usingizi muzuri.

Ku mutoni, mbele ya kuingia Kamituga

Jumamosi jua lilitoka kali. Mbele ya Kamituga kuna muto mudogo, Shabani akasimamisha gari tuoge. Bahati akaosha ile kaputula akiwa ndani yake, akasimama ku jua, na kweli, mbele nimalize kufunga kilemba, ilikuwa imekauka. Nikaanza hata kuiheshimu. Akanipelekea mukono.

«Koko, nipe miguu yangu.»

«Miguu gani? Hiyo umesimamia ni ya nani?»

«Ya patalo. Zile mbili nilitia mu kikapu.»

Akachukua ile moja iliyobakia, akaivuta ku muguu, akapitisha tireti kuzunguka goti, na mbele ya macho yangu kaputula ikakuwa patalo. Upande mumoja. Nikashika kichwa.

«Na ingine?»

Nikafunika kikapu yangu. Deo alikuwa ananiangalia. Hata Shabani alikuwa ananiangalia.

«Ingine iko Kasika,» nikasema. «Ku kichwa cha Nabintu.»

Bahati alikaa chini ju ya jiwe. Mimi nilipandisha sauti mbele yeye apandishe yake: ni nani anatengeneza patalo ya kutoka miguu? Kwa nini? Muguu wa mutu unatokaka? Kostime ya babu yako ingevunjika goti hapa njiani? Akaniacha nimalize, kisha akasema pole pole: «Koko, Riziki ananingoja.»

Tukajaribu. Patalo ya Shabani ilikataa ku mapaja. Ya Deo, tumbo lilikuwa la watu wawili na urefu wa mutu nusu, tena Deo aseme mbele ya wakwe amevaa nini? Vikwembe vya zawadi havifunguliwi. Nikatoa kikwembe changu cha juu nikamufunga ku kiuno. Deo akatikisa kichwa: «Mama, watatuuliza tumeleta bwana ao tumeleta bibi.» Bahati akakifungua. Tukasema basi tupite sokoni kununua. Telefone ikalia. Ilikuwa Riziki, anasema chini chini: «Muko wapi? Papa amevaa koti. Amekwisha kuuliza wamama kama chakula iko tayari. Yule wa zahabu amepita hapa ku mulango mara mbili, anasalimia.»

Tukapita soko bila kusimama.

Kwa Papa Wilondja

Tuliingia kama mbuzi mu shamba ya wenyewe. Deo mbele, mimi nyuma yake, Bahati nyuma yangu ameinama, gile ameivua ameishika ku goti kama mutu anayeumwa. Nyumba ilijaa. Wanaume upande huu, wamama upande ule, na katikati yao mama ya Riziki, jina lake Wabiwa, mama mwembamba, jasho la jiko ku uso. Papa Wilondja akaangalia saa yake. Hakusema tumechelewa. Alitaka sana kusema, niliona, lakini watu walikuwa hawajakula.

Bahati akakaa, gile ju ya goti. Deo akasema. Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu nilifurahi anasema mingi, alitoka ku babu zetu akashuka pole pole, na nikafikiri pengine atasema mpaka jioni na tutaenda nyumbani tukiwa tumekaa.

Lakini shangazi ya binti, Mwamini, mama mukubwa mwenye fimbo, akapiga fimbo chini. «Maneno imeshiba. Riziki aitwe. Aonyeshe ni nani alimuita hapa. Na yule mutu asimame, tumuone.»

Riziki akatoka, akainua mukono kuelekea Bahati. Bahati akasimama. Kwa adabu akanyoosha mikono mbele, kupokea salamu. Na gile ikaanguka.

Kulikuwa muguu mumoja wenye kuvaa na goti moja inje, imeoshwa vizuri, inangaa mbele ya Mama Wabiwa.

Wamama wakashusha vilemba ku macho. Mama Wabiwa akainuka, akatoka mulango wa nyuma bila kugeuka. Niliona Riziki anashika ukuta.

Papa Wilondja akasimama. «Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi. Najua mutu anayekuja kusoma na mutu anayekuja kucheza. Huyu amekuja kucheza mupira, tena na muguu mumoja.»

«Papa, ni ajali ya njia,» Deo akasema.

«Njia ilikula nusu ya patalo?»

«Ni mimi!» Nikasimama, magoti inalia. «Ni mimi nilitengeneza ngata. Kasika, ju ya kasiksi yenu. Mwanamuke anaitwa Nabintu, muende mumuulize!» Niliwaeleza tireti, shimo, bidon, yote. Kadiri nilieleza, njo kadiri walikuwa hawaamini. Muzee mumoja akauliza mwenzake: «Anasema muguu ulitoka?» Mwenzake akamuambia: «Pengine ni wa mbao.»

Papa Wilondja akainua mukono wa kutufunga maneno. Bahati alikuwa anamuangalia Riziki tu, goti yake pale inje, na mimi nikaanza kutafuta kikapu yangu na macho, ju nilijua tunaondoka.

Pazia ya mulango wa nyuma ikatikisika. Mukono mwembamba, wenye unga, ukapita, umeshika patalo nyeusi imekunjwa. Sauti ya Mama Wabiwa ikatoka nyuma ya pazia, imekasirika kuliko sisi wote:

«Mumupe avae! Nimepika tangu alfajiri. Bugali inakuwa jiwe. Siwezi kuingia kupakua ju ya goti ya mutu!»

Shabani, ambaye alikuwa hajasema kitu tangu Bukavu, akachukua patalo akamupeleka Bahati nyuma ya nyumba. Walirudi. Papa Wilondja ni mufupi, munene. Patalo ilifika Bahati katikati ya muguu, na ku kiuno ameikamata na ngumi. Lakini magoti yote ilikuwa ndani. Mama Wabiwa akaingia na sahani, akapakua.

Shangazi Mwamini hakugusa sahani yake. Alikuwa anaangalia ile patalo.

«Wabiwa. Hii nguo ni wewe umetoa?»

«Ni mimi.»

«Basi imekwisha. Mama anavalisha mutoto wake. Mugeni, anamuacha vile amekuja.»

«Mimi nilitaka tu kupakua,» Mama Wabiwa akasema.

«Umevalisha.»

«Ngojeni!» Papa Wilondja sauti ilipanda kama ya kijana. «Mimi sijakubali kitu! Sijaongea bado! Hatujagusa hata maneno ya mahari!»

«Mahari mutaongea mukishiba,» shangazi akamuambia. «Lakini kumufukuza, haiwezekane tena. Unataka yule wa zahabu aone mukwe anatoka kwako na patalo yako?»

Wanaume wakaangalia sahani zao, mabega inatikisika. Papa Wilondja akageuka kwa bibi yake, bibi anapakua. Akageuka kwa Riziki. Riziki amefunika mudomo na mikono miwili, machozi inapita ju ya vidole. Mwisho akaangalia Bahati, yule mutu murefu amesimama katikati ya nyumba, ngumi ku kiuno, anangoja aambiwe.

Papa Wilondja akavuta kiti na muguu wake, akakisukuma mbele yake.

«Kaa, mukwe,» akasema. «Lakini kaa pole pole. Hiyo patalo ni yangu ya kanisa.»